Droni Juu ya Matuta ya Tala

Kwa mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili nchini Kenya, hakuna kipindi kizito kama cha kusoma ramani. Mwanafunzi hupewa kipande cha ramani ya 1:50,000 ya mahali asipowahi kukanyaga, akaulizwa mteremko kutoka kilele fulani hadi daraja fulani ni kiasi gani. Atahesabu mistari ya kontua, atagawanya, atapata alama zake katika mtihani wa KCSE na kuyasahau yote kabla ya kufika nyumbani. Nimelifundisha somo hilo Tala kwa miaka mingi, pamoja na Hisabati, na kilichokuwa kikinikera hasa ni dirisha. Ukiuacha ubao ukatazama nje, kilima kizima kiko mbele yako, kimekatwa matuta toka bondeni hadi juu, na kule kaskazini mlima Kilimambogo umejifunika wingu. Mteremko upo, mita mia chache kutoka dawati la mwanafunzi, na hakuna aliyewahi kuupima.

Tala iko kando ya barabara ya Kangundo, katika Matungulu, kaunti ya Machakos. Ni mji wa soko, wa kahawa na wa shule. Holy Rosary, Tala High na Matungulu Girls zimeutangaza mji huu kuliko duka lolote. Shule yangu haimo katika orodha hiyo na sitaitaja. Ni shule ya kutwa, watoto hutoka vijiji vya jirani, na wengi wao asubuhi hupitia shambani kabla ya kupitia langoni.

Droni haikuletwa kwetu na wizara wala mfadhili. Ililetwa na mzazi ambaye mwanawe alikuwa ameichoka baada ya likizo moja. Ilikuwa Tello, kile kidroni cha kampuni ya Ryze chenye uzito wa gramu 80 ambacho betri yake, ikiwa mpya, hukirusha kwa dakika 13. Ya kwetu haikuwa mpya. Bei yake dukani ilikuwa chini ya bei ya simu nyingi zilizokuwa mifukoni mwa walimu, na hilo nilihakikisha nimelisema mapema kwenye chumba cha walimu, kwa kuwa nilijua hoja ya kwanza itakuwa fedha.

Hoja ya kwanza haikuwa fedha. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka kujua nani atajibu kidole cha mtoto kikikatwa. Mwenzangu wa Fizikia aliuliza kama hilo ni somo au mchezo. Mwalimu wa Kiswahili alisema hawezi kutoa maoni kabla ya kuona, akaonyeshwa, akaipiga picha, na maoni hajayatoa hadi leo. Mwisho tuliruhusiwa kutumia ukumbi wa kulia chakula, milango ikiwa imefungwa, baada ya meza kusukumwa ukutani.

Siku ya kwanza sikumruhusu mtu kuirusha. Niliiweka mezani ikiwa imezimwa, harufu ya githeri bado ukumbini, nikawaambia Kidato cha Tatu waitazame na kuniambia wanachokiona. Waliona kamera, waliona taa, waliona maandishi. Kisha msichana mmoja ambaye darasani huwezi kumsikia hata ukimwita, akasema mapanga yake hayafanani: mawili yameinama upande mmoja, na mawili upande mwingine. Nikauliza kwa nini. Kimya. Ndipo tukaenda kukopa kiti cha kuzunguka cha mhasibu, ambaye alikitoa lakini akaja nacho na kusimama kando kukilinda. Mvulana mmoja akakikalia, miguu juu, akashikilia gurudumu la baiskeli lililokuwa likizunguka likiwa limelala. Alipoligeuza juu chini, kiti kikaanza kuzunguka naye, bila mtu kukisukuma. Darasa likalipuka. Wengi walitaka kukikalia, na mhasibu akatangaza kwamba ana kazi ofisini.

Baada ya hapo haikuchukua muda wajue kwamba kama mapanga yote manne yangezunguka upande mmoja, mwili wa droni ungezunguka upande wa pili, na kwamba ndiyo maana yanagawanywa jozi mbili zinazopingana. Waligundua wenyewe kwamba droni ikitaka kugeuka, inaongeza kasi ya jozi moja na kupunguza ya nyingine. Mwenzangu wa Fizikia, aliyekuwa mlangoni, aliacha kuuliza kuhusu mchezo.

Kurusha kulifuata, lakini kwa maandishi. Tuliitumia programu ya Scratch kwenye kompyuta ya mkononi ya shule, ambamo amri hupangwa kwa vipande: panda sentimita 80, nenda mbele sentimita 200, geuka digrii 90, rudia mara nne, tua. Mraba kamili, kwa hesabu ya daraja la chini kabisa. Droni ikaruka, ikazunguka, ikatua mbali na ilikoanzia. Wakarudia, ikatua mbali zaidi, safari hii upande mwingine. Wengine walilaumu upepo wa madirisha, wakayafunga. Wengine walidai hesabu ina hitilafu, wakaikagua na kuikuta safi. Kisha mtu akauliza swali ambalo kitabu hakingemuuliza: inajuaje iko wapi?

Kidroni hicho hakina mtambo wa GPS. Chini ya tumbo lake kuna kamera ndogo inayotazama sakafu na kufuata michoro inayopita chini yake. Sakafu ya ukumbi wetu ni saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa miaka hadi ikang'aa. Haina doa la kushika. Mara tu walipoelewa hivyo, hawakunisubiri. Walikwenda jikoni, wakarudi na leso za akina mama wapishi, wakazitandika sakafuni zote na kujaza mianya kwa magazeti. Juu ya maua na majina ya leso, droni ikazunguka mraba wake na kutua pembeni mwa ilikotoka. Mpishi mmoja alifuata leso yake na kukaa kutazama kipindi kizima.

Nimekieleza kipindi hicho kwa kirefu kwa sababu watu wanaponiuliza kuhusu droni darasani, huuliza kuhusu anga. Sehemu kubwa ya elimu niliyoiona ilipatikana chini ya dari.

Nje ni jambo jingine, kwa kuwa anga ya Kenya ina mwenyewe. Kwa miaka kadhaa raia hakuweza kurusha droni bila kibali ambacho karibu hakuna aliyekipata. Kanuni zilizotungwa 2017 zilikataliwa na Bunge mwaka uliofuata, na zinazotumika ni zile za 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Tulizisoma darasani, na nawashauri walimu wafanye hivyo hata kama hawana droni, maana ni nadra kupata sheria ambayo kijana wa miaka kumi na sita anaisoma kwa hamu. Chombo lazima kisajiliwe. Kisipite futi 400 kutoka ardhini, yaani takriban mita 120. Kikae mbali na viwanja vya ndege, na mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika. Mmiliki awe ametimiza miaka 18. Hapo mkono ukainuka.

"Mwalimu, kwa nini tunafundishwa kitu tusichoruhusiwa kumiliki?"

Nilimwambia kwamba amebakiza mwaka na miezi, na kwamba kabla ya hapo kuna kazi ambayo haihitaji leseni. Hakuridhika. Aliridhika baadaye, nilipomtuma kwa majirani.

Mpango ulikuwa huu. Kijana aliyepita mikononi mwangu miaka ya nyuma alikuwa sasa rubani wa droni mwenye leseni, akifanya kazi za upimaji na kampuni iliyoidhinishwa. Alikubali kuja na chombo chake na karatasi zake zote, bila malipo, mradi tumpe mafuta ya gari na chakula cha mchana. Sisi tulitakiwa kuwa na eneo, sababu, na ridhaa ya watu. Eneo lilikuwa kilima kilichotukabili. Sababu ilikuwa korongo lililokuwa likiongezeka kila msimu wa mvua karibu na njia ya shule. Wanafunzi walitaka kujua maji yake yanatoka wapi. Ridhaa ilikuwa kazi ya miguu. Chifu alitupa baraka zake upesi, lakini nilisisitiza kwamba chifu hamiliki shamba la mtu, na kila boma lililo chini ya njia ya droni lipigiwe hodi.

Walikwenda watatu watatu, wakiwa na mchoro wa eneo na maelezo waliyoyaandika kwa Kikamba na Kiswahili. Niliandamana na kundi moja. Tulifika kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akipepeta maharagwe uani. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuacha ungo, kisha akanyoosha kidole kwenye bafu lake: mabati manne yaliyosimamishwa, mlango wa gunia, na juu wazi.

"Hicho kitu chenu kinaona humo ndani?"

Wavulana wakatazama chini. Msichana aliyekuwa nao akajibu, "Kinaona, nyanya. Lakini tutakuambia siku na saa."

"Mtaniambia?"

"Tutakuja wenyewe kukuambia."

"Basi siku hiyo nitaoga alfajiri," mama akasema. "Na hizo picha mniletee nizione. Msinipige picha halafu mkaende nazo Nairobi."

Boma la tatu au la nne kutoka hapo, mzee mwenye kahawa iliyopaliliwa vizuri alikataa katakata. Alisema wapimaji wakija kwa upole hivyo, baada yao huja kodi. Wanafunzi walijaribu kumshawishi, nikawazuia. Jioni ile tuliketi na ramani tukachora upya mipaka ya kazi ili shamba lake libaki nje, na tukakubaliana kwamba picha yoyote itakayoligusa itakatwa. Ilikuwa hesabu nzuri ya pembenyingi, ngumu kuliko ile ya kitabuni. Katika ramani yetu shamba hilo ni tundu jeupe lenye pembe saba, na mgeni anayeiona huuliza ni nini. Ndiyo sehemu ya ramani ninayojivunia zaidi.

Siku ya kurusha ilikuwa ya Julai, baridi na mawingu mepesi, jambo ambalo rubani alilifurahia kwa kuwa vivuli vilikuwa vichache. Asubuhi wanafunzi walikuwa wametandaza magunia waliyoyapaka chokaa kwa umbo la msalaba, kila moja mahali palipopimwa kwa futi kamba, ili baadaye programu iwe na alama za kushikilia ardhini. Rubani aliwaonyesha ukaguzi wa kabla ya kuruka, hatua baada ya hatua, akauliza nani anauona upepo. Walitazama miti. Aliwaonyesha bendera ya shule. Kisha chombo kikapanda, kikaanza kwenda na kurudi juu ya kilima kwa mistari iliyonyooka, kikipiga picha moja baada ya nyingine. Kwa watazamaji ilikuwa inachosha, na wapo waliosema waziwazi kwamba walitarajia mbwembwe. Mwewe ndiye aliyewapa burudani: alitoka upande wa mikaratusi, akakizunguka chombo kwa ghadhabu, na rubani akakishusha hadi ndege alipoondoka. Niliwauliza ni nani mwenye haki ya njia pale. Walijibu mwewe, wote.

Kila picha ilipaswa kulalia sehemu kubwa ya picha iliyotangulia, karibu robo tatu. Sababu yake ni pembetatu. Jiwe moja likionekana katika picha kadhaa zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, pembe za kulitazama hutofautiana, na kutokana na tofauti hiyo programu hukokotoa kimo chake. Vijana waliokuwa wakiniuliza trigonometria itawasaidia nini maishani waliacha kuuliza, angalau muhula ule. Tulizichakata picha kwa OpenDroneMap, programu ya bure, kwenye kompyuta yenye nguvu kuliko zote maabarani, ingawa hiyo si sifa kubwa. Stima ilikatika usiku, tukaanza upya.

Ramani ilipotokea, dakika za kwanza zilipotea kwa kutafuta mapaa. Kila mmoja alitaka kuona kwao. Baada ya hapo wakaanza kuona matuta, yakipinda pamoja na kilima, na mistari ya nyasi za nepia juu ya kingo zake. Waliona pia jambo ambalo kwa miguu hakuna aliyeling'amua: maji ya korongo hayakuwa yakitoka kileleni kama wote walivyoamini. Yalikuwa yakitoka kwenye njia ya bodaboda iliyokata matuta matatu katikati ya kilima na kuyageuza mfereji.

Lakini ramani ya kimo ilileta ubishi, na hapa ndipo nilipopata kile ambacho ningependa kila mwalimu akipate. Kabla ya droni kuja, nilikuwa nimewafundisha kupima kwa njia ya zamani: fito mbili zenye alama, kamba ya mita kumi kati yake, na pimamaji dogo linaloning'inizwa katikati ya kamba. Kwa kifaa hicho mabwana shamba na wakulima walichora matuta mengi ya Ukambani, na bado kinauzwa kwa bei nafuu. Wanafunzi walikuwa wamepima kingo za matuta kadhaa na kuandika kwenye madaftari. Droni ikasema kingo zile ziko juu zaidi, karibu mita nzima. Darasa, bila kusita, likaanza kufuta madaftari. Mashine ilikuwa na kamera, ilikuwa na setilaiti, ilikuwa imetoka Nairobi. Wao walikuwa na kamba.

Niliwaambia waache kufuta na warudi kilimani. Walirudi na fito zao, wakapima tena, wakapata walichopata mwanzo. Mvulana mmoja aliyekuwa ameshikilia fito ya juu, kichwa tu kikionekana katikati ya majani, akapiga kelele: "Mwalimu, imepima nepia! Haikupima udongo!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kamera hupima inachokiona, na juu ya kingo ilichokiona ni majani. Mahali palipo wazi, droni na kamba vilikubaliana vizuri. Mtoto aliyegundua hilo kwa kichwa chake, akiwa amesimama ndani ya majani yenyewe, hatatishwa tena na jedwali lolote kwa kuwa limetoka kwenye kompyuta. Na kama hangekuwa na kipimo chake cha kamba, asingekuwa na cha kubishia.

Kazi ile ilinipa pia njia ya kuingiza historia, somo ambalo si langu. Machakos imetazamwa kutoka angani kabla yetu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, kuhusu wilaya hii kati ya 1930 na 1990. Utafiti huo ulilinganisha picha zilizopigwa na ndege za marubani mwaka 1948, 1961 na 1978, ukaonyesha ardhi ambayo serikali ya mkoloni ilikuwa imeikatia tamaa ikifunikwa na matuta na miti huku idadi ya watu ikiongezeka zaidi ya mara tano. Watafiti waliofuata waliongeza kwamba faida hiyo haikugawanyika sawa, na kwamba aliyekuwa na mshahara kutoka Nairobi alipata mtaji wa matuta ambao jirani yake hakuupata. Wanafunzi wangu hawakuhitaji kuelezwa hilo. Lilionekana katika ramani, boma hadi boma.

Niliwakumbusha pia kwamba matuta hayakuanza kwa mapenzi. Mwaka 1938 serikali iliponyang'anya Wakamba ng'ombe kwa jina la kuhifadhi udongo, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao, na akaishia kupelekwa kizuizini Lamu. Hatua za kuhifadhi udongo ziliposhika kweli, zilishikwa na mwethya, yale makundi ya kazi ambayo wanawake wengi walikuwa ndio nguvu yake. Kijana akijua hilo hataitazama picha ya angani kama mandhari tu.

Tulitimiza ahadi ya kuwapelekea watu picha. Tuliichapisha kubwa kwenye turubai na kuitandaza kwenye baraza la chifu. Yule mama wa bafu alikuja, akaitafuta nyumba yake, akaridhika kwamba bafuni hamna mtu, kisha akainama juu ya sehemu yenye vichaka ambapo ulionekana mstari hafifu. Akasema hilo ni tuta walilolichimba na mwethya akiwa bado msichana, kabla shamba halijagawanywa. Mwenye sehemu hiyo alihamia mjini, na vichaka vikalimeza. Wanafunzi hawakuwa wameliona. Waliandika aliyoyasema, na lile tuta likapata nafasi yake katika ramani kwa maelezo yake yeye.

Halikuisha bila vumbi. Ndugu wawili wenye mgogoro wa mpaka walisogea kwenye turubai, mmoja akaweka kidole kwenye mstari wa miti na kusema, "Si mnaona?" Sauti zikapanda. Chifu aliingia kati na kutangaza kwamba picha ya watoto wa shule si hati ya shamba, na mwenye kesi aende panapohusika. Tangu siku hiyo nimeweka sharti kwamba ramani za wanafunzi hazichori mipaka ya mashamba ya watu, hata kama uzio unaonekana wazi. Katika nchi ambako mpaka wa mita moja hutenganisha ndugu hadi makaburini, droni ya shule isiwe shahidi.

Watu hudhani habari za vijana na droni ni za Ulaya. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuchora visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, zaidi ya kilomita mraba 2,000, na waliofanya kazi hiyo ni pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu walishiriki katika Ramani Huria kuchora mitaa inayofurika. Malawi ilifungua chuo cha droni na takwimu mjini Lilongwe Januari 2020 kwa msaada wa UNICEF. Rwanda imekuwa ikisafirisha damu hospitalini kwa droni za kampuni ya Zipline tangu 2016, na kampuni hiyohiyo ina kituo Chemelil, kaunti ya Kisumu. Wanafunzi wangu wakisikia hayo huuliza kuhusu ajira. Ni swali halali, na huwaambia ukweli nijuavyo: wanaohitajika kurusha ni wachache, wanaohitajika kusoma kilicholetwa na droni ni wengi, na kusoma huko kunaanza na kontua walizokuwa wakizipigia miayo.

Nimetembelea shule zenye droni bora kuliko yetu. Katika mojawapo chombo kilikuwa ndani ya kabati la ofisi, kwenye sanduku lake, kikitolewa siku ya wageni kupiga picha ya gwaride kutoka juu. Hakuna mtoto aliyekuwa amekifungua. Mwalimu aliyekabidhiwa aliogopa kukiharibu, na sikumlaumu, maana kingeharibika angekilipa. Kununua mashine kabla ya kuwa na swali kuna matokeo hayo.

Kwa hiyo ninaposikia mipango ya kupeleka droni mashuleni kote, ombi langu kwa wanaopanga elimu ya kaunti ya Machakos, na kwa Chuo Kikuu cha Machakos kilicho jirani, ni dogo kuliko hizo bajeti. Msitununulie droni moja kwa kila shule. Tafuteni marubani wachache wenye leseni, chombo kimoja au viwili vilivyosajiliwa, na ratiba inayozifikia shule za kutwa za Matungulu, Kangundo, Mwala na Yatta japo mara moja kwa mwaka, kila shule ikitakiwa kwanza kuonyesha swali lake na majina ya majirani waliokubali. Pimamaji tutanunua wenyewe.